Nani Alimzalisha Nélida Taipe?

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, asubuhi ya Jumatatu tarehe 26 Julai, Nesi Ofelia Carbajal alitoka mbio katika Nyumba ya Wajawazito ya Sallccapata akipiga ukelele uliowatoa watu vitandani. Waliofika kwanza walimkuta Nélida Taipe, mwanamke wa miaka ishirini na minne, amelala chini ya mablanketi manne, amekufa. Godoro lilikuwa limelowa damu mpaka upande wa pili. Ndani ya sweta ya marehemu, ngozi kwa ngozi, kulikuwa na kitoto cha kike, cha baridi lakini hai. Mama yake alikuwa amekifungia humo vifungo vyote, hadi cha shingoni.

Sakafuni, pembeni mwa kitanda, palikuwa na mkasi wenye damu iliyoganda na fungu la majani ya porini. Robo saa haikupita kijiji kizima kikawa na jina moja mdomoni: Mama Sabina.

Mama Sabina Belito, miaka sabini na mmoja, ndiye aliyekuwa mkunga wa jadi wa bonde lile tangu kabla ya barabara. Nusu ya watu waliomtaja jina asubuhi ile walitua duniani mikononi mwake. Lakini miaka miwili nyuma mkutano wa kijiji ulitia saini hati: mwanamke atakayezalia nyumbani, mtoto wake hapewi cheti cha kuzaliwa, na mkunga aliyemzalisha anashtakiwa. Tangu hapo wajawazito hushuka kutoka malishoni wiki mbili kabla ya siku zao, wakakaa katika nyumba ile ya vyumba viwili, hatua kumi tu kutoka kwenye zahanati, wakingojea.

Inspekta Eudocia Palomino alifika saa tano u nusu, Sajini Ccencho akiendesha. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Huancavelica mjini, mwenye ulimi mkavu na tabia ya kuandika saa ya kila kitu, hata ya chai. Mkuu wake alimpigia simu akiwa njiani.

"Jambo dogo hilo, Eudocia. Bibi kizee kazalisha kwa siri, mama kafa. Mlete kabla jua halijazama. Keshokutwa sikukuu ya taifa, sitaki faili mezani kwangu."

Mkuu yule alikuwa debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. Eudocia alijibu "Ndiyo, afande," akakata simu.

Nesi Ofelia alimpokea mlangoni, macho mekundu. Alikuwa mtu wa pwani, wa nchi ya joto na mizabibu, na alikuwa ametimiza miaka sita katika baridi ile ya milimani. Sifa zake zilifika mpaka mjini: aliwahi kutembea saa tano katika mvua ya mawe kumfuata mwanamke mmoja aliyezidiwa. Eudocia alimpenda tangu walipopeana mkono, na hilo, kwa mpelelezi, si jambo zuri.

"Jana niliondoka na gari la saa tisa mchana," Ofelia alisema. "Kulikuwa na sherehe mjini, zahanati yetu ilikuwa inapewa hati ya sifa. Mwaka wa pili mfululizo, hakuna aliyezalia nyumbani." Alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kwikwi. "Hati yenyewe hata sijaitoa kwenye mfuko."

"Ulimwacha Nélida vipi?"

"Mzima kabisa. Hana hata dalili. Anamenya viazi."

"Peke yake?"

"Wenzake watatu walikuwa wamepandishwa malishoni na waume zao. Ilikuwa siku ya kuwatia mifugo utepe masikioni, unajua mambo ya huku. Zamu ilikuwa ya Abdón, msaidizi wangu. Daktari hatuna tangu Machi."

"Na leo?"

"Nimeshuka kwenye gari la alfajiri, nikaja moja kwa moja kumwangalia."

Eudocia aliandika. Sajini alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye duka, na mwenye duka alisema gari la alfajiri lilishusha watu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Kutoka dukani hadi pale ni mwendo wa dakika tatu. Aliandika na hilo.

"Kitovu cha mtoto kilikuwaje?"

"Kimefungwa uzi tu. Nikaweka kibanio changu, nikamkabidhi mke wa Abdón. Ana mtoto anayenyonya, atamnyonyesha na huyu."

"Na kondo la nyuma?"

Ofelia aliinua mabega. "Bibi atakuwa ameondoka nalo. Wana mambo yao."

Eudocia alichuchumaa. Sakafu ilikuwa ya mbao. Chini ya kitanda, pale godoro lilipovuja, palikuwa na dimbwi lililokauka. Kwingine kote mbao zilikuwa kavu na safi. Kwenye kona ngozi ya kondoo ilisimama imekunjwa, nyeupe, haina doa. Darini ilining'inia kamba nene.

"Kamba hiyo ya nini?"

"Waliojenga walisema tuweke, wanawake wa huku wanapenda kuzaa wamepiga magoti, wakining'inia. Mimi nawalaza kitandani zahanati. Huwezi kuona vizuri mtu akiwa amepiga magoti."

"Mama Sabina huwapigisha magoti?"

"Siku zote. Juu ya ngozi, sakafuni."

Eudocia aliitazama tena ile ngozi nyeupe, kisha zile mbao kavu. Yeye mwenyewe alizaa mara mbili hospitalini, amelazwa chali, na alikumbuka maji yaliyotoka kabla ya mtoto, mpaka viatu vya nesi vikalowa.

Nje alimkuta mume. Maximiliano Ñahuincopa alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia yake bado ina utepe wa sherehe, akimuuliza kila anayepita swali moja.

"Liko wapi kondo la mwanangu?"

Watu walimpita wakitikisa vichwa. Msiba umempanda kichwani, walisema. Eudocia alimshika kiwiko, akamkalisha juu ya ukuta wa mawe.

"Kaka Maximiliano, pole. Naambiwa Ijumaa uligombana na mkeo. Mwenye duka alikusikia unafoka: ukizalia huko usirudi."

"Nilisema." Hakujaribu hata kujitetea. "Nilitaka azalie nyumbani kwetu, kwenye moto wetu. Akasema mtoto lazima apate cheti, asije akawa kama ng'ombe asiye na alama. Nikakasirika, nikasema maneno hayo. Ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kwangu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Malishoni, tangu asubuhi. Uliza watu thelathini. Muulize Abdón wa zahanati, yeye ndiye aliyenishikia fahali pembe."

Kalamu ya Eudocia ilisimama. "Abdón alikuwa malishoni? Saa ngapi?"

"Kutwa nzima. Alishuka kidogo jioni, akarudi tukaendelea kunywa."

"Na hili kondo unalolitafuta. Kwa nini?"

Akamtazama kama anayemtazama mtoto. "Mkunga huliosha, humpa baba, na baba hulizika karibu na jiko kabla ya jua jipya. Lisipozikwa mama hapumziki. Nélida hajapumzika, afande."

"Huenda Mama Sabina kalichukua."

"Alipeleke wapi? Kondo la watu likiingia nyumbani kwako, magonjwa yao yameingia nalo. Hata mwizi wa ng'ombe haibi kitu hicho."

Mama Sabina alikuwa amefungiwa katika darasa la shule, amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Eudocia alivuta dawati jingine akakaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenye duka alikuona jana saa sita na robo mchana, umemshika Nélida mkono."

"Aliona vizuri."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

Bibi alikuwa akitazama dirishani. Kule nje Maximiliano alikuwa ameinuka tena, anamwuliza mpita njia.

"Mama, nisikilize. Saa kumi naondoka hapa. Nikiondoka bila jibu lako naondoka na wewe. Kwa umri wako, gerezani utazeeka kwa wiki moja."

"Nimeshazeeka. Hapo umechelewa."

"Watu wanasema umemuua."

"Nimewasikia. Wana sauti kubwa, niliwapiga makofi mwenyewe siku walipozaliwa."

Eudocia alitaka kucheka akajizuia. Akafungua mfuko, akaweka ule mkasi juu ya dawati. Alitazama uso wa bibi, si mkasi. Mama Sabina aliutazama kwa mshangao.

"Huu wa nini?"

"Huujui?"

"Mikasi naijua. Nakatia manyoya ya kondoo." Kisha akayarudisha macho dirishani, kwa Maximiliano. "Nipelekeni mnakotaka. Mbele ya kijana yule sisemi kitu."

Watu wa mjini wangeliita lile ungamo nusu, na Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliliita hivyohivyo. Eudocia alihangaika. Mtu asiye na kosa hupiga kelele. Huyu alikuwa anaifuata pingu kwa miguu yake mwenyewe. Lakini mshangao ule juu ya mkasi haukuwa wa kuigiza.

Abdón Paytán walimkuta zahanati, saa saba na robo, akipiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki. Alikuwa na miaka hamsini, pumzi yake bado ina pombe ya miwa ya jana.

"Jana nilikuwa hapa siku nzima, afande. Zamu ni zamu."

"Yule fahali uliyemshika pembe alikuwa wa rangi gani?"

Abdón aliuachia mpini wa deki. Akakaa chini pale pale kwenye maji.

"Mwekundu," alisema. "Nesi aliniruhusu. Asubuhi aliniambia, Abdón, nenda kawatie ng'ombe wako utepe, mimi nipo mpaka saa tisa, saa tisa uwe umerudi. Nikachelewa. Nilifika saa kumi na moja jioni, nimelewa, kumefungwa kote. Kule kwa wajawazito mlango umefungwa, jiko halitoi moshi. Nikasema, Nélida kamfuata mumewe juu. Nikamwaga ndoo ya takataka ya zahanati, maana Nesi Jumatatu hapendi kuikuta imejaa, nikarudi kwenye ngoma." Akafunika uso. "Nilipita hatua kumi kutoka mlangoni pake. Ningegonga, angekuwa hai?"

"Sijui," alisema Eudocia, na ni kweli hakujua. Alimwacha alie kwanza. Kisha akamwonyesha mkasi. "Huu ni wa Mama Sabina?"

Abdón alicheka katikati ya machozi.

"Mama Sabina na mkasi? Afande, wewe kweli mtoto wa mjini. Yeye kitovu hukata kwa kigae. Kigae cha chungu kilichovunjika, anakipitisha kwenye moto kwanza. Mtoto akikatwa kwa chuma nguo hazidumu mwilini mwake, atazirarua maisha yake yote. Mimi nilikatwa kwa kigae. Suruali hii ina miaka tisa."

"Nani hapa kijijini asiyejua hilo?"

"Hata mbwa wanalijua."

"Nesi Ofelia?"

Ilionekana ni swali ambalo hakuwahi kujiuliza.

"Nesi hajawahi kuuliza," alisema taratibu. "Miaka sita. Hata chai hajawahi kunywa kwa Mama Sabina. Anasema bibi ni mchafu."

"Ndoo uliyomwaga ilikuwa na nini?"

"Mfuko mwekundu, umefungwa. Sifungui mimi, natupa tu. Shimoni, lile la zege kule nyuma, lenye kufuli."

"Ufunguo?"

Aliuchomoa ndani ya shati, umefungwa kamba shingoni. "Haunitoki. Hata leo Nesi kauhitaji akaukosa. Saa kumi na mbili kamili alimgongea mke wangu, anautaka. Mke wangu akamwambia niko juu malishoni, nimelala nao shingoni."

"Saa kumi na mbili kamili? Una hakika?"

"Redio ilikuwa inatoa salamu za asubuhi."

Eudocia aliandika saa hiyo, akaipigia mstari. Nesi alishuka garini saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Saa kumi na mbili kamili akatafuta ufunguo wa shimo la takataka. Saa kumi na mbili na dakika ishirini ndipo akapiga ukelele. Moyo ulimwuma. Alikuwa amempenda yule mwanamke.

"Inuka, Abdón," alisema. "Tukafungue."

Mfuniko wa zege ulihitaji wanaume wawili na nondo. Mfuko mwekundu ulikuwa juu kabisa, kwa kuwa baada ya Jumapili hakuna aliyetupa kitu. Abdón aliuvua kwa ndoana ya kuopolea ndoo kisimani. Ulikuwa na kibandiko, kama mifuko yote ya zahanati ile, maana Nesi Ofelia alikuwa mtu wa utaratibu, na mkono wake ulikuwa umezoea kuandika kabla akili haijamwuliza kwa nini. Mwandiko ulikuwa safi: N. Taipe, 25/7, saa 8:10 mchana.

Ndani mlikuwa na kondo la nyuma, jozi ya glavu, na vichupa viwili vya dawa vilivyovunjwa shingo.

Eudocia alipanda mahali penye mtandao, akampigia daktari mmoja mjini, akamsomea maandishi ya vile vichupa. Ilikuwa saa nane u nusu. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu, akashukuru, akashuka.

Saa tisa mchana aliwakusanya katika chumba cha kuzalishia: Ofelia, Abdón, Maximiliano, na Mama Sabina aliyeletwa na Sajini. Mama Sabina alikataa kiti.

"Mama huyu alisingiziwa kwa vitu vitatu: mkasi, majani na kondo lililopotea," Eudocia alianza, akaweka mkasi juu ya meza ya chuma. "Cha kwanza hiki. Maximiliano, Mama Sabina alikukata kitovu kwa kitu gani?"

"Kwa kigae," Maximiliano alijibu bila kufikiri. Kisha akautazama mkasi, akamtazama Nesi.

Ofelia hakuelewa. Hilo lilionekana wazi usoni mwake, na Eudocia alilisikitikia kuliko yote aliyoyaona siku ile.

"Hapa hakuna mkunga wa jadi anayekata kitovu kwa chuma, Nesi. Aliyeweka mkasi na majani yale pale hakulijua jambo linalojulikana na kila mtoto wa Sallccapata. Tena Mama Sabina huzalisha watu wamepiga magoti juu ya ngozi, sakafuni. Ngozi ilikuwa safi, mbao zilikuwa kavu. Nélida alifia katika nyumba ile, lakini hakuzalia humo."

"Basi alizalia kwa bibi, akaletwa," Ofelia alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Na kondo likaenda wapi? Mumewe analiuliza tangu asubuhi, na sote tulimwona mwendawazimu. Katika bonde hili kondo lina njia mbili tu. Mkunga wa jadi humpa baba. Zahanati hulitupa shimoni." Akauweka mfuko mwekundu mezani, kibandiko juu. "Huu ni mwandiko wa nani?"

Ofelia aliutazama ule mfuko. Mbele ya macho ya wote rangi ilimtoka, midomo ikawa ya kijivu.

"Ulisema ulimwacha anamenya viazi," Eudocia aliendelea, polepole. "Ulimzalisha saa nane na dakika kumi, juu ya meza hii. Saa tisa ulikuwa garini. Vichupa ni viwili. Kimoja ni cha baada ya kuzaa, kila mzazi huchomwa, ni sawa. Cha pili ni cha nini?"

"Alikuwa anachelewa," Ofelia alisema.

"Alikuja saa sita u nusu, njia imefunguka nusu tu. Kwa mwendo ule angezaa jioni. Na gari ni la saa tisa. Nilimchoma sindano ya kuongeza uchungu, saa saba." Alikuwa anaongea na ile meza. "Nilijua haitakiwi kuchomwa vile. Nimewafundisha wengine kwamba haitakiwi. Lakini mtoto alitoka vizuri, akalia. Kondo likatoka zima. Nikampapasa tumbo, tumbo gumu, damu kidogo. Nikasema, Abdón anakuja saa tisa. Nikamshika mkono, akatembea mwenyewe hadi kitandani kwake. Aliniambia asante, Nesi, nenda usichelewe."

"Daktari wa mjini aliniambia mzazi hukaa chini ya uangalizi kwa saa mbili, hata akiwa mzima kama fahali," Eudocia alisema. "Na aliyechomwa sindano ile ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana tumbo huchoka, likalegea baadaye, damu ikafunguka. Ulimwangalia dakika ngapi?"

"Ishirini."

Maximiliano alitoa sauti, si neno. Sajini alisogea karibu naye, lakini mume yule hakuwa na nguvu za kumpiga mtu.

"Kwa ajili ya karatasi," Maximiliano alisema.

"Kwa ajili ya miaka sita!" Ofelia alimgeukia. "Niko peke yangu hapa. Hakuna daktari, umeme unakatika, gari la wagonjwa limekufa tangu mwaka juzi. Nimewazalisha mia mbili na kumi na mmoja, hajafa hata mmoja. Mara moja, mara moja tu, watu wangeliita jina langu mbele za watu. Sikutaka lolote jingine." Akakaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Asubuhi nilimkuta vile. Mtoto anatikisika ndani ya sweta. Nilisimama sijui muda gani."

"Kwa nini Mama Sabina?" Eudocia aliuliza. "Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu." Ofelia alimtazama bibi, pengine kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita. "Fomu ya vifo vya wazazi ina sehemu ya kueleza sababu. Nimesoma fomu nyingi. Nyingi zimeandikwa hivyohivyo: alizalishwa na mkunga wa jadi. Hakuna anayeuliza zaidi. Nilijua nanyi hamtauliza."

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na kifo kilitangulia kumuumbua mwingine. Sajini alimfunga Ofelia pingu, kwa upole, akamtoa nje. Watu waliokuwa wakilitaja jina la Mama Sabina asubuhi walipisha njia, wakitazama viatu vyao. Maximiliano aliomba ule mfuko mwekundu. Eudocia alisema ni ushahidi. Kisha akaita Abdón kuwa shahidi, akapiga picha kilichomo, akabandua kibandiko na kukitia kwenye bahasha pamoja na vichupa na glavu, akampa kilichobaki. Maximiliano alikipokea kwa mikono miwili, akaondoka kuelekea nyumbani kwake.

Chumbani wakabaki wawili. Eudocia alikuwa amechoka hadi mifupani.

"Uko huru, mama. Nenda zako. Na unisamehe."

Mama Sabina hakusogea. Alikwenda dirishani, akahakikisha Maximiliano amepotea nyuma ya ukuta wa shule, ndipo akageuka.

"Andika," alisema.

"Kesi imekwisha, mama."

"Yenu. Andika: jana saa sita Nélida alikuja kwangu, uchungu umemshika. Akasema, mama, zahanati naogopa, nesi ana haraka leo, ameniambia anasafiri. Nizalishe hapa hapa, Maximiliano atafurahi. Nikamwambia rudi zahanati. Akaomba tena, amenishika sketi. Nikamwambia, mwanao atakosa cheti, na mimi nitafungwa. Mara ya tatu alilia. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka getini, maana mimi nilikatazwa kuingia. Nikageuza mgongo, nikaenda kupalilia."

Eudocia alikuwa amemkodolea macho. "Hilo ndilo ulilokataa kulisema?"

"Kijana yule nilimpokea mimi. Nimwambie nini? Kwamba mkewe alinijia, nikamrudisha kwa kuogopa karatasi?"

"Mama, hilo si kosa. Ulifuata sheria. Sheria haikudai kitu."

"Sikukuuliza sheria. Umeandika saa za watu wote hapa leo, hata ya redio. Andika na yangu. Saa sita mchana, mara tatu."

Eudocia alilifungua tena lile faili. Aliandika taratibu, kwa maneno ya bibi, bila kuyapamba wala kuyapunguza. Mama Sabina akataka asomewe. Akasikiliza mpaka mwisho, akasahihisha mahali pamoja, kisha akanyoosha kidole gumba kitiwe wino.